Ekzosi ya Hilux ya zamani: maneno ya gereji na hali halisi chini ya gari

Hilux LN106 yenye injini ya 3L, dizeli ya cc 2,779 isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), bado iko kazini kila mahali. Ekzosi ya kiwandani ikishaoza, mwenye gari hupewa ushauri wa kila namna, na mwingi ni wa unene wa bomba na mlio wake. Lakini kazi hudumu au huharibika kwa sababu nyingine kabisa: aina ya chuma, namna bomba linavyoning'inia, na mahali linapotolea moshi.

"Bomba likiwa nene, gari linapata nguvu"

Fanya hesabu. Injini hii ikizunguka mara 4,000 kwa dakika haiwezi kuvuta zaidi ya lita 5,500 hivi za hewa kwa dakika. Bomba la inchi 2, kipimo cha nje, linatosha. Inchi 2¼ inakupa nafasi ya ziada. Uwazi wa ndani wa bomba la inchi 3 ni zaidi ya mara mbili ya ule wa inchi 2, lakini injini haitoi moshi mara mbili kwa sababu umebadilisha bomba. Nguvu ya dizeli isiyo na turbo inatokana na hewa inayoingia na mafuta yanayopimwa na pampu. Filta ya hewa iliyoziba na nozeli zilizochoka zitakunyima nguvu nyingi kuliko bomba lolote. Inchi 3 itakuletea uzito, itagonga chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi, na itashuka karibu na mawe.

Tazama mikunjo kabla ya kubishania unene. Bomba la inchi 2¼ lililokunjwa kwa mashine ya kubana hufinyika kwenye kona, na moshi hupita kwa kipimo cha hapo palipofinyika. Kwa hiyo pima kona. Ikiwa imebonyea sana, afadhali inchi 2 yenye mikunjo ya mviringo safi.

Penye turbo, kama injini za dizeli za Toyota 2L-T au 1KZ, habari ni tofauti. Hapo inchi 2½ kuanzia turbo hadi nyuma inasaidia kweli: turbo inaamka mapema na joto la moshi linapungua.

"Injini lazima ibanwe kidogo, la sivyo inakuwa nzito mwendo wa chini"

Hakuna injini ya gari inayofaidika kwa kubanwa. Pistoni inayopanda kusukuma moshi dhidi ya kizuizi inatumia nguvu ambayo ingekwenda kwenye magurudumu. Kinachosaidia mwendo wa chini ni kasi ya gesi: moshi unaotoka upesi unavuta ule unaofuata. Bomba pana kupita kiasi linaua kasi hiyo, ndiyo maana watu hudhani kilichopotea ni "kubanwa".

Dhana hii ina nguvu zaidi kwa wenye injini ya petroli ya 22R, ya kabureta. Ukifungua ekzosi yake, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi kuliko mafuta. Plagi zikigeuka nyeupe na bomba likapiga mapasuko unapoachia mafuta, angalia kwanza kama moshi unavuja, kisha angalia jeti za kabureta. Kuziba bomba si tiba.

"Toa sailensa, gari litakula mafuta kidogo"

Sailensa nzima haibani injini hii kiasi cha kuonekana kwenye bei ya dizeli. Utakachoongeza ni kelele, pamoja na mazungumzo marefu na trafiki. Kama sailensa imeoza ndani na vipande vinazuia moshi, badilisha. Utaijua kwa kuigonga kwa ngumi ikiwa baridi: iliyovunjika ndani inacheza kama njuga.

"Stenlesi ni stenlesi"

Sivyo. Nyingi ya ekzosi zinazouzwa kwa jina hilo ni daraja la 409, lenye kromiamu asilimia 11 hivi, na hiyo hushika kutu ya juujuu. Daraja la 304 lina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, na ndilo la kununua kama gari linaishi Mombasa, Tanga au Unguja. Nenda dukani na sumaku. Haishiki 304, labda kidogo kwenye mkunjo. 409 inaishika kwa nguvu. Sumaku haitakuonyesha tofauti ya 409 na chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, kwa hiyo tafuta namba iliyogongwa kwenye bomba au ulipe tu bei ya chuma cha kawaida.

Kilichopakwa alumini ni chaguo zuri la bei ya kati kwa gari la bara. Udhaifu wake uko kwenye viungo, maana moto wa kuchomelea unaunguza lile tabaka. Kila kiungo kisuguliwe na kupakwa rangi ya joto kali. Na fundi asiunge 304 na chuma cha kawaida kwa vijiti vya kuchomelea vya 6013, vile vya kuchomelea madirisha. Kiungo kitashika kutu na kupasuka. Vijiti vyake ni 309L.

"Sailensa inavuja maji, ziba hilo tundu"

Tundu dogo chini ya sailensa limewekwa makusudi. Kila lita ya mafuta inayoungua inazaa karibu lita moja ya maji, na gari la safari fupi halipati joto la kutosha kuyakausha yote. Maji hayo yana asidi, na ndiyo yanayokula sailensa kutoka ndani. Ukiliziba tundu, umeyafungia humo.

"Lichomelee kwenye chesisi, lisitikisike"

Hili ndilo kosa linaloharibu ekzosi nyingi kuliko yote. Injini inacheza kwenye raba zake. Chesisi haichezi nayo. Bomba pia hurefuka likipata moto: mita 3 za chuma cha kawaida, joto likipanda nyuzi 300, huongezeka milimita 11 hivi, na za 304 karibu 16. Ukilifunga kwa nondo, mvutano wote unaishia mbele, na hapo flenji (sahani ya kiungo) inapasuka au stadi, yaani bolti zinazoshika manifodi kwenye injini, zinakatika. Weka raba za kuning'iniza, na kipande kinachonyumbulika baada ya bomba la mbele. Acha angalau sentimita 2 kati ya bomba na kitu chochote, na zaidi ya hapo karibu na mipira ya breki na tangi.

"Bomba linaweza kuishia popote nyuma ya kabini"

Likiishia chini ya bodi, moshi unazunguka na kuingia kwa dirisha la nyuma, au kwa abiria walio chini ya turubai. Kaboni monoksaidi haina harufu. Mdomo wa bomba utokeze nje ya ukingo wa bodi. Kazi ikiisha, washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo kwa kitambaa kizito kilicholowa kwa sekunde chache tu, na sikiliza kila kiungo. Penye mvumo wa hewa, fungua na uweke gasketi mpya. Kukaza gasketi kuukuu hakusaidii. Baada ya siku chache za kazi, kaza nati zote tena bomba likiwa limepoa.