Mapigo ya mapumziko ni yapi hasa, na kwa nini programu ya mazoezi ianze nayo

Mapigo ya mapumziko ni idadi ya mara moyo wako unavyodunda kwa dakika moja ukiwa umetulia tuli, hujainuka kitandani, hujanywa kahawa, hujagombana na mtu. Kwa mtu mzima kawaida ni kati ya 60 na 100, na mwenye mazoezi ya miaka mingi anaweza kuwa na 50 au hata chini ya hapo na akawa mzima kabisa, kwa sababu moyo wake kila ukibana unasukuma damu nyingi kwa mkupuo, hauna haja ya kukimbizana. Maana yake ndo hiyo tu. Lakini mie nimekaa na hii namba karibu mwaka mzima tukitengeneza sehemu ya kupima moyo kwenye programu ya simu, ya watu wanaotembea alfajiri kule Raskazone hapa Tanga, na naamini bila hiyo namba zile rangi za kijani na nyekundu unazowekewa kwenye skrini kukuonyesha unafanya mazoezi kiasi gani hazikuambii kitu.

Programu nyingi zinachukua 220 zinatoa umri wako, zinasema hapo ndo kilele cha moyo wako, yani mapigo mengi kabisa unayoweza kufikia kwa dakika. Halafu asilimia 50 hadi 70 ya kilele inaitwa mazoezi ya wastani, 70 hadi 85 mazoezi makali. Toleo letu la kwanza tulifanya hivyohivyo. Sasa shangazi yangu ana miaka 54, anapika maandazi Ngamiani, 220 toa 54 ni 166, nusu yake 83. Akanipigia saa nne asubuhi: "Mwanangu, hii simu yaniambia nishafanya mazoezi masaa mawili, na mie sijatoka hapa jikoni." Na saa ya mkononi wala haikukosea, moyo wake ulikuwa unadunda 88, kasimama, karai la mafuta mbele yake, joto la kaskazi, hapo nani asiyefika 88? Mapigo yake ya mapumziko ni 76. Yani kati ya kulala kitandani na "mazoezi" tulimuachia mapigo saba tu. Iliniuma kwa kweli, maana angetuamini angeona hana haja tena ya kutembea jioni.

Njia nzuri zaidi ipo toka 1957, ilitoka kwa mtafiti Karvonen na wenzake huko Ufini. Unachukua kilele unatoa mapumziko, kinachobaki ni akiba, ile nafasi ambayo moyo wako unayo ya kupanda. Kwa shangazi 166 toa 76 ni 90. Nusu ya 90 ni 45, unarudishia 76 yake, unapata 121. Akifika 121 hapo kweli anafanya kazi, na ukimuona utajua, anahema. Mchukue kijana wa miaka 25 anayezunguka na baiskeli mji mzima, mapumziko yake 51: kilele 195, akiba 144, nusu 72, jumla 123. Angalia walivyokaribiana mwanzoni, 121 na 123, ila ukipanda hadi asilimia 70 ya akiba shangazi anatakiwa 139 na kijana 152, hapo kila mtu na njia yake.

Kumbuka hiyo 220 toa umri ni makisio, watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo kumi na zaidi kwenye kilele na wote wakawa wazima. Ila mapumziko hukisii, unapima mwenyewe, na kuyapima ni bure. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Au unaziba kamera ya simu kwa ncha ya kidole taa ikiwa inawaka, kila moyo ukidunda damu inajaa kidoleni na mwanga unaorudi unapungua kidogo, simu inahesabu huko kupungua. Saa zenye taa ya kijani nyuma nazo zinafanya hivyohivyo. Ukitikisika tu hesabu inaharibika, ndo maana sisi mtu akisogeza kidole tunaweka kistari badala ya namba, heri asione kitu kuliko aone uongo.

Na usichukue asubuhi moja ukaridhika. Mtu kalala vibaya, ana homa, au kakesha kwenye shughuli ya harusi, namba inapanda. Tunachukua namba za asubuhi saba, tunazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, tunaishika ile ya katikati. Mwezi wa Ramadhani tunaomba apime kabla ya daku, sio baada, maana chakula nacho kinapandisha.

Kuna watu hesabu hizi zote haziwafai, wale wanaomeza dawa za presha kama atenolol au propranolol, dawa yenyewe kazi yake ni kupunguza kasi ya moyo kwa hiyo kile kilele cha 220 toa umri hawakifikii. Hao tunawauliza mwanzoni kabisa, wakisema ndiyo tunaficha rangi zote tunawapa kipimo cha mdomo: ukiweza kupiga soga na mwenzio ila taarabu huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Na mwenye mapumziko yanayozidi 100 siku baada ya siku aende hospitali, simu sio daktari.

Kilichotusumbua mwisho ni maneno. Kitufe tulikiandika "Pima mapigo ya mapumziko", tukaona namba za ajabu, 104, 110, kumbe watu wanamaliza kutembea, wanakaa kwenye benchi, wanapumzika kidogo ndo wanapima. Kwa neno tulilowapa walikuwa sahihi kabisa. Sasa kitufe kinasema "Pima kabla hujainuka kitandani", na saa tano asubuhi kinakuwa kimeshafichwa.