Akiba ya Maji na Muda kwa Wanaopanda Vilima

Wikendi vijana wengi wa Mombasa hutoka na shanta mgongoni kuelekea Shimba Hills, Kasigau au vilima vya Taita. Sisi tunaofundisha huduma ya kwanza twalifurahia jambo hilo. Kinachotutia wasiwasi ni mizigo yao, ambayo hufungwa kana kwamba hakuna litakalokwenda kombo. Akiba ni kile unachokusudia kurudi nacho nyumbani bila kukigusa. Ukiitumia kila safari, ujue hesabu yako ni finyu.

Tuanze na maji. Anayepanda kwenye joto huhitaji takriban nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, na jua likichoma huenda akahitaji lita nzima. Kwa hivyo mwendo wa saa 6 wataka lita 3 hadi 4 na nusu. Juu ya hizo, kila mtu abebe lita 1 ya akiba, kwenye chupa yake peke yake, isifunguliwe ila kwa shida. Lita moja ni kilo nzima, ndiyo maana wengi huiacha garini. Afadhali uache spika.

Sisi watu wa pwani tumezoea jasho linalolowesha shati. Kwenye nyika inayouzunguka Mlima Kasigau, hewa ni kavu: jasho hukauka papo hapo, na mtu hudhani hapotezi maji. Atazame mkojo. Ukiwa wa rangi nzito, au saa kadhaa zimepita bila haja ndogo, amechelewa kunywa. Na asifidie kwa kubugia maji matupu mengi kwa pamoja, kwani chumvi ya mwilini hushuka, na hilo nalo ni hatari. Bebeni pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na njugu zenye chumvi. Mwenzenu akianza kuzungumza ovyo juani, safari imekwisha hapo: mtieni kivulini, mloweshe mwili kwa maji, mpepeeni bila kuacha, na iteni msaada. Siku hiyo ndiyo kazi ya ile lita ya akiba.

Muda nao una akiba yake. Mwaka 1892, William Naismith wa Scotland alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa karibu kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kupanda mita 1,000 pekee kwaongeza saa 1 na dakika 40. Lakini kanuni hiyo haihesabu mapumziko, wala haikutungwa kwa joto letu. Mimi huongeza nusu ya muda wote, na kundi hupimwa kwa mwendo wa anayekwenda polepole kuliko wote. Huku kwetu jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Pangeni kufika mwisho wa safari saa 10 jioni, na kila mtu awe na tochi yake, si ya simu.

Maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills huwahadaa wengi, kwa kuwa unaanza kwa kushuka. Mtu hufika chini bado ana nguvu, akamaliza maji huko huko, kisha mlima wa kurudi humkuta saa sita mchana. Njia ya namna hiyo, maji mengi yawekeeni kurudi. Na msiteremke bila askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), kwa sababu msitu ule una ndovu.

Chakula hakina mambo mengi: tende, korosho, kashata, mkate mkavu, na mlo mmoja wa ziada. Mbaazi za nazi ziacheni nyumbani, huchacha kabla ya adhuhuri.

Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu wa nyumbani karatasi yenye njia mtakayopita, idadi yenu, na saa ambayo, asipowasikia, atapiga 999 au 112. Mkishuka salama, mpigieni yeye kwanza.