Baridi ikibana, kiti kisimdhoofishe mzee

Kila kipindi cha baridi sisi watu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) tunaletewa wazee wa namna ile ile: hajaanguka, hana ugonjwa mpya, ila kiti alichokuwa anainuka mwenyewe sasa hainuki mpaka avutwe mkono. Familia inasema baridi imemwingia magotini. Ni kweli baridi inakakamaza viungo, sibishi, ila mara nyingi kilichommaliza zaidi ni kukaa. Nje kunateleza, giza linaingia mapema, basi anakaa ndani, analetewa maji, analetewa rimoti, analetewa kila kitu kwa upendo kabisa, na misuli ya mapaja ikikosa kazi inapungua, kwa mtu wa miaka 70 au 80 wiki chache tu zinatosha tofauti kuonekana, alafu kuirudisha inachukua muda kuliko ilivyopotea.

Sasa kama ni lazima akae, basi akae huku anafanya kitu.

Kiti kwanza. Sio sofa, sofa inammeza mtu. Tafuta kiti kigumu cha mezani, kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta kisirudi nyuma, na kimo chake kiruhusu nyayo zote mbili kukanyaga sakafu. Avae viatu visivyoteleza, soksi tupu hapana hata kama hatoki mlangoni. Chumba nacho kiwe na joto: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri lisishuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, na wazee wanaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Baridi inabana mishipa ya damu na presha inapanda, na wazee wengi hawaihisi baridi mapema kama kijana, kwahiyo usisubiri alalamike. Ila tafadhali msimwashie jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ile hewa ya sumu haina harufu na inaua.

Aanze na miguu. Anyanyue visigino vidole vikibaki chini, ashushe, anyanyue vidole visigino vikibaki chini, arudie mara 10 mpaka 15. Zoezi linaonekana la kitoto lakini misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti ndiyo inayosukuma damu kurudi juu, ikilala damu inatuama, ndio mnaona miguu imevimba jioni. Baada ya hapo apige kwata pale pale kwenye kiti, goti moja juu, lingine juu. Kisha anyooshe mguu mmoja mbele, aubane paja, ahesabu mpaka 5 kwa sauti, ashushe taratibu. Kuhesabu kwa sauti sio mbwembwe, mtu akihesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi kunapandisha presha ghafla.

Mikono rahisi tu. Chupa ya maji ya nusu lita ni kama nusu kilo, hiyo inatosha kuanzia. Na taulo, alikamue kama anafua, upande huu na upande ule, hilo ni zoezi zuri sana la mshiko wa kiganja na watu wanalidharau. Mkiwa na puto, mrushiane mmekaa, sheria moja tu lisiguse sakafu, utashangaa mzee aliyegoma mazoezi asubuhi nzima anavyonyoosha mikono mpaka bega linalouma analisahau.

Lakini kama mtafanya kimoja tu, kiwe hiki: kuinuka na kukaa. Asogee mbele ya kiti, miguu airudishe nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, asimame, alafu akae polepole bila kujibwaga. Mwanzoni ashike kiti au meza hakuna shida. Kuna kipimo chake pia: mikono amekunja kifuani, kwa sekunde 30 anasimama wima mara ngapi? Kwa umri wa miaka 70 hadi 74, mwanaume akipata chini ya 12 au mwanamke chini ya 10, yuko chini ya wastani na hatari ya kuanguka imeongezeka. Kwa miaka 80 hadi 84 ni 10 na 9. Awepo mtu pembeni wakati wa kupima, na asiyeweza kuinuka bila mikono asilazimishwe.

Niwe mkweli, mazoezi ya kwenye kiti pekee hayafundishi balansi (kusimama bila kuyumba) vya kutosha. WHO inataka wazee wafanye mazoezi ya balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, kwahiyo anayeweza kusimama asimame, ashike mgongo wa kiti, hata dakika mbili. Asiyeweza kabisa, hapo hapo alipo ajinyooshe kufikia kitu upande wa kulia na kushoto. Vipande vidogo vidogo vya siku vinajumlishwa, sio lazima nusu saa mfululizo.

Wakati mzuri ni mwili ukishachangamka, sio akiamka tu, na sio mara baada ya kula maana wazee wengi presha inashuka baada ya mlo. Aliyebadilishwa nyonga karibuni au mwenye mifupa iliyopungua nguvu amuulize daktari kwanza kabla ya kuinama sana na kujipinda. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kuhema hadi hawezi kuongea, aache hapo hapo, na maumivu ya kifua yasipokata akipumzika ni hospitali haraka.

Na kama jana alikuwa anainuka vizuri leo ghafla hawezi, hiyo sio baridi wala uvivu, inaweza kuwa maambukizi, dawa au kiharusi, apelekwe siku hiyo hiyo.