Je, wajua kwa nini hondohondo hawezi kuzaa bila mti mzee?

Ukipita msitu wa Rau, Moshi, asubuhi, hondohondo utamsikia kabla hujamwona: analia kama mbuzi, halafu mabawa yanavuma juu ya mivule. Ni ndege mkubwa mweusi, na dume ana pembe pana ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Arusha pia yupo, penye mikuyu.

Mdomo ule wote ni wa kuchuma matunda, hauwezi kutoboa gogo. Kwa hiyo hutafuta tundu lililojifanya lenyewe: tawi lilivunjika, maji yakaingia, mti ukaoza kwa ndani miaka nenda miaka rudi. Mti mchanga hauna tundu la kumtosha jike na kinda.

Jike akishaingia, mlango huzibwa. Dume humeza udongo na kuutema ukiwa vidonge vyenye mate, jike akakandika mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa karibu miezi 4, akiatamia na kulea. Dume huja koo limejaa kuyu, akazicheua moja moja na kuzipitisha kwenye ufa. Reginald Moreau na mkewe Winifred, waliomchunguza ndege huyu kule Amani, Usambara, walikadiria kuwa kiota kimoja kililetewa matunda yapatayo 24,000. Basi anayemlenga dume kwa manati amewanyima chakula na waliomo ndani.

Lakini shoka ndilo linaloniumiza zaidi. Mvule una mbao za thamani, na miti mikubwa ya vihambani inayotia kahawa kivuli inaangushwa kwa mbao na kuni. Tunapanda miche, na ni vizuri, ila mche wa leo hautakuwa na tundu hata wajukuu wetu wazeeke.

Kabla ya kukata, angalia shinani. Ukikuta mbegu zimerundikana na miche inachipua chini ya tundu, humo huenda kuna familia. Mti uliooza moyo hautoi mbao nyingi hata hivyo. Punguza matawi ya hatari, shina liache.

Kusini mwa Thailand, hondohondo wa huko wamekubali kuzaa kwenye masanduku waliyotundikiwa mitini. Huku nasi tunaweza kujaribu, mradi mikuyu ya kandokando ya mito isiguswe, maana sanduku halizai kuyu.