Kazi ya ulinzi iliyoishia Chikurubi

Baada ya kikao chetu cha elimu kwa umma hapa Nakuru, sajini mmoja mstaafu, hajafika hata miaka 45, alinivuta kando akanionyesha simu. "Walinzi wanatakiwa ng'ambo. Wenye ujuzi wa silaha watapewa kipaumbele. Mshahara kwa dola, tikiti juu yetu."

"Mwalimu, hii ni kazi ama ni mtego?"

Kaunti yenye kambi ya Lanet na ya Gilgil haikosi watu wa kutumiwa ujumbe kama huo. Sikumjibu moja kwa moja. Nilimsimulia kisa cha mamluki, yaani askari wa kukodiwa, cha Machi 2004.

Boeing 727 ilitua Harare na wanaume zaidi ya 60, wengi wao askari wa zamani wa jeshi la Afrika Kusini la enzi za ubaguzi wa rangi. Simon Mann, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la kwao, alikuwa hapo kupokea silaha alizoagiza kwa kampuni ya serikali ya Zimbabwe. Alipobanwa alisema vijana wanaenda kulinda migodi Kongo. Kumbe safari ilikuwa ya Malabo, kumng'oa Rais Obiang wa Guinea ya Ikweta, nchi ya mafuta. Baadaye Mann mwenyewe alikiri.

Sasa tazama bili ilivyogawanywa. Wale wa viti vya nyuma walisota takriban mwaka mmoja katika gereza la Chikurubi kwa makosa ya uhamiaji, wengi wakishikilia kwamba waliambiwa ni kazi ya migodi. Mann alihukumiwa miaka 34 huko Malabo mwaka 2008, akasamehewa 2009. Mark Thatcher, mtoto wa aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alikiri kosa katika kugharamia helikopta iliyohusishwa na njama hiyo, akatoa faini ya randi milioni 3, akaenda zake.

Mbinu yenyewe ni kuukuu. Novemba 1981 Mike Hoare, mamluki wa siku nyingi, na wenzake zaidi ya 40 waliingia Ushelisheli kupindua serikali, wakijifanya chama cha wanywaji bia wanaopelekea watoto vitu vya kuchezea. Chini ya midoli, bunduki. Karibu wote walikuwa wamekwisha kupita pale ofisa wa forodha alipofungua begi moja akakuta silaha. Risasi zikarindima uwanja wa ndege, wakateka ndege ya Air India, wakatorokea Durban. Serikali nzima iliokolewa na mtu wa forodha ambaye hakuona uvivu kupekua!

Sheria ya kimataifa ina mianya. Kifungu cha 47 cha Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, kinataka masharti sita yatimie yote kwa pamoja ndipo mtu aitwe mamluki. Wakili mzuri hakosi kuvunja moja. Lakini anayethibitika kuwa mamluki hana haki ya kutendewa kama mfungwa wa vita. Bara letu nalo lina mkataba wake wa kupinga umamluki, uliopitishwa Libreville mwaka huohuo.

"Haya, afande," nikamwambia, "mwajiri ni nani? Wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Mkataba unataja nchi gani?"

Alitelezesha kidole juu, chini, juu tena. Palikuwa na nambari ya simu tu, na siku ya kuripoti: Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, uje na pasipoti.