Kelele za Mashabiki Zianzie Mazoezini

Katika mpira wa pete, mchezaji aliyeshika mpira ana sekunde 3 tu za kuuachia. Mlinzi amesimama sentimita 90 mbele yake, mikono juu, na pete iko mita 3.05 kutoka ardhini. Nje ya mstari, shule pinzani inapiga madumu na kuimba "atakosa, atakosa". Binti aliyekuwa akifunga bila shida uwanja wa shuleni kwao anarusha, na mpira haugusi hata pete. Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, walimu hutuuliza wafanye nini na mchezaji wa aina hiyo, na wengi wanakuwa wameshaamua kwamba ni mwoga.

Si mwoga. Mwili ukihisi tishio, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho, tumbo linavuruga, vidole vinatetemeka. Hayo humpata hata bingwa wa dunia. Tofauti iko kwenye mazoea. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza kuwa mtu akitazamwa, jambo alilolizoea sana hulifanya vizuri zaidi, na lile ambalo bado hajalimudu humharibikia zaidi. Ndiyo maana "usiogope" ya siku ya mechi haimsaidii mtoto.

Shule nyingi hufanya mazoezi jioni, uwanja kimya, kisha mchezaji anakwenda kukutana na umati kwa mara ya kwanza mkoani. Walimu, pelekeni kelele mazoezini. Waiteni wanafunzi wa bweni wazunguke goli na ndoo zao, wapige, waimbe, wazomee huku wafungaji wakirusha. Anzeni na wachache, muwaongeze kadiri siku zinavyokwenda. Wafungaji wakimbie kwanza, warushe mioyo ikiwa bado inadunda. Utani wa mchezo unatosha. Matusi kuhusu umbo la mtoto au kwao yasiruhusiwe hata mara moja.

Mfungaji awe pia na utaratibu wake mmoja, usiobadilika: miguu itulie, macho kwenye pete, atoe pumzi, arushe. Yote hayo yanaingia ndani ya sekunde 3. Wanaoharibu mara nyingi ni wale wanaoanza kuchunguza kiwiko na vidole vyao katikati ya kurusha, kitu ambacho mazoezini hawakifanyi.

Kabla ya mechi, avute pumzi akihesabu hadi 4 na kuitoa akihesabu hadi 6, kwa dakika mbili tatu. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Asijilazimishe kutulia kabisa. Mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia wana msisimko kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Kwa hiyo "nina hamu ya kucheza" ni neno zuri la kusema chumbani wakati wa kuvaa jezi.

Kelele inayoumiza kuliko zote, kwa maoni yangu, hutoka upande wa mtoto mwenyewe: mwalimu anayepaza "Rusha! Ngoja! Rusha!" wakati mpira uko mkononi, au mzazi anayeguna kila goli likikoswa. Maelekezo yasubiri mapumziko ya robo. Na mashabiki hufundishika. Katika goalball, mchezo wa wasioona, mpira una kengele ndani na wachezaji huufuata kwa masikio, hivyo watazamaji hunyamaza kimya mpira ukiwa mchezoni, kisha hulipuka kwa shangwe baada ya goli.

Woga wa kabla ya mechi kwa kawaida huisha filimbi ikishalia. Mtoto anayekosa usingizi siku kadhaa, anayetapika kila mashindano yakikaribia au anayeanza kukwepa shule, asilazimishwe kucheza. Mwalimu wa ushauri nasaha aongee naye, mzazi aitwe, na hali ikiendelea apelekwe kituo cha afya.