Singeli ni muziki gani?

Singeli ni muziki wa dansi wa kielektroniki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Biti hutengenezwa kwa kompyuta, hukimbia mapigo kati ya 200 na 300 kwa dakika, na juu yake MC anachana karibu bila kuvuta pumzi. Ukitaka kuipima spidi hiyo, nyimbo nyingi za hausi (house), muziki wa dansi unaopigwa klabu, hucheza kwenye mapigo 120 hivi.

Wengi wakiulizwa singeli ni nini, hujibu "muziki wa haraka" na kuishia hapo. Jibu hilo haliniridhishi. Ili kuielewa singeli inabidi kwanza uielewe shughuli.

Uswahilini mtu akioza binti, akimtoa mwali au akimtahiri mtoto, turubai linafungwa katikati ya mtaa, muziki unakodiwa, na watu wanacheza usiku kucha. Mikesha ya namna hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa vigodoro. Zamani kazi ya kuchangamsha shughuli ilikuwa ya ngoma, mdundiko wa Wazaramo ukiwa mmojawapo. Miaka ya 1990 ukashika mchiriku, ambao wengine huuita mnanda: ngoma, manyanga, kinanda kidogo cha Casio kinachokwaruza kwenye spika chakavu, na mwimbaji anayesema ya mtaani kama yalivyo. Jagwa Music ni kundi la mkondo huo lililofika hadi majukwaa ya Ulaya. Pembeni ilikuwepo taarab ya kisasa, ambayo kina mama hawakubali shughuli ipite bila kuisikia.

Bendi ina gharama, na wapigaji wake huchoka. Miaka ya 2000 ma-DJ wa mitaani wakagundua njia nyepesi. Unachukua wimbo wa taarab, unatafuta pale mwimbaji anaponyamaza na vinanda vinapochachamaa, unakata kipande cha sekunde chache, unakizungusha bila kikomo, kisha unakikimbiza. Sikiliza vizuri singeli ya namna hii na utaona kinanda kimekuwa chembamba, kinalia kama filimbi. Ndivyo inavyokuwa kipande kikiongezwa spidi bila kurekebishwa: na sauti nayo hupanda juu. Chini yake zinawekwa ngoma zenye mwendo uleule wa mchiriku, na kipaza sauti anapewa kijana mwenye maneno. Watu wakichangamka, DJ anaongeza. Kwa hiyo spidi ilipandishwa na wachezaji wenyewe, usiku mmoja baada ya mwingine, kabla studio haijaikuta.

MC ndiye moyo wa mambo. Anamtaja mwenye shughuli, anawasifu wanaotunza, anapiga vijembe, kisha anageukia kodi ya nyumba, mapenzi yaliyovunjika, rafiki aliyeingia kwenye madawa. Yote hayo kwa kasi ambayo msikilizaji mgeni hawezi kunasa hata neno moja, lakini binti aliyesimama mbele ya spika anayajibu mstari kwa mstari.

Kwa muda mrefu singeli ilidharauliwa kama muziki wa wahuni, na vigodoro vilipigwa vita na viongozi. Msaga Sumu ni kati ya wa mwanzo kujenga jina kwa muziki huu. EFM, redio ya Dar es Salaam, ikaupa nafasi hewani, na mwaka 2016 Man Fongo akatikisa nchi kwa "Hainaga Ushemeji". Kina Sholo Mwamba na Dulla Makabila nao wakaifikisha singeli hata kwa waliokuwa wakiikwepa.

Nje ya Tanzania mlango ulifunguliwa Kampala. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" mwaka 2017, kazi za vijana wa studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Baada ya hapo Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na MCZO wakaanza kusikika Ulaya. Jukwaani ma-DJ wa singeli husimama na kompyuta tu, vidole vikigonga kibodi kama mtu anayepiga ngoma. DJ Travella, aliyetoa "Mr Mixondo" mwaka 2022, yeye ameifikisha mbali zaidi: muziki mtupu, vinanda na ngoma vikikimbizana.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Kwenye matamasha ya Ulaya singeli isiyo na maneno inatosha kabisa, watu wanaruka mpaka mwisho. Nyumbani chini ya turubai, kipande kikizunguka dakika mbili na kipaza sauti bado kiko mezani, kina mama wanaanza kuulizana MC yuko wapi.